Talaka au ajali: karatasi ya kupata kabla ya kwenda mahakamani

Safari ya talaka huanzia barazani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro usikilizwe kwanza na Baraza la Usuluhishi la Ndoa, nalo likishindwa kupatanisha litoe hati. Hati hiyo isiwe imezidi miezi 6 siku unapofungua shauri. Wengi hukwama hapo: mtu ameichukua, akasubiri auze alizeti apate ada na nauli, mwezi wa saba tangu aipate ukamkuta bado yuko kijijini. Huyo anarudi barazani upya.

Na baraza lipi? Wanandoa wa jamii moja yenye baraza lake, kama Waislamu wanaokwenda BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), huenda huko. Wengine ni baraza la kata anayoishi mume. Mke aliyerudi kwao Kongwa, mume akiwa Kizota hapa Dodoma mjini, apeleke shauri Kizota.

Kasoro inayouma zaidi huonekana mambo yakiwa yameshafika mbali. Baraza limeandika mstari mmoja, "tumeshindwa kuwasuluhisha", bila kuwasikiliza wote wawili. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mashauri ya talaka yaliyokwisha kuamuliwa huku chini, kwa sababu tu hati ilikuwa na kasoro. Kwa hiyo isome hapohapo kabla hujaikunja: nani aliitwa, nani alifika, baraza limeona nini. Mwenzako akigoma kuja, chukua nakala za wito. Sheria inakuruhusu kwenda mahakamani bila hati ikiwa aliitwa akakataa makusudi, ametoroka na hajulikani alipo, au amefungwa miaka 5 au zaidi, lakini mzigo wa kuthibitisha ni wako.

Kwenye mali, kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983 ilikwisha kusema kazi za nyumbani ni mchango. Wanaotoka na fungu dogo mara nyingi ni wale wasio na ushahidi. Tunza risiti za saruji na mabati, mkataba wa kiwanja, na ujumbe wa simu wa pesa ulizotuma kwa fundi.

Ajali nayo ina karatasi yake, PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi. Ichukue polisi, daktari aijaze, ubaki na nakala. (Mgonjwa akiwa mahututi atibiwe kwanza, ndugu afuatilie fomu.) Piga picha namba ya gari au bodaboda na stika ya bima, kisha uihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, maana stika bandia zipo. Usikimbilie kusaini makubaliano ya "kumalizana" wakati mfupa haujaunga. Subiri ripoti ya daktari yenye asilimia ya ulemavu. Omba pia ramani ya ajali na, dereva akitiwa hatiani, nakala ya hukumu.

Muda wa kudai fidia mahakamani ni miaka 3. Ukigongwa na gari la serikali, na Dodoma ya sasa yamejaa, lazima utangulize notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Usianze kuiandika zikiwa zimebaki wiki mbili miaka hiyo 3 iishe.

Aliyegongwa akifariki, familia hukutana tena na mambo ya ndoa. Bima itamtaka msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na mjane asiye na cheti cha ndoa atapingwa na wakwe. Walioishi pamoja miaka 2 au zaidi na kutambulika kama mume na mke wana dhana ya ndoa, yaani sheria huwachukulia kuwa wameoana, chini ya kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa. Majirani na mjumbe wa shina ndio mashahidi wake. Waandikishwe majina kabla matanga hayajaanuliwa.