Pima kivuli kwanza, maji baadaye: usiipeleke okidi yako kwenye meza ya sebuleni

Usiiweke okidi hiyo kwenye meza ya katikati ya sebule, na usiimwagilie kila siku, hata kama aliyekuuzia amekuhakikishia kwamba ndivyo inavyotunzwa. Umeeleza kwamba umenunua Phalaenopsis, aina mojawapo ya okidi, yenye maua meupe, kwamba unaishi kwenye ghorofa hapa Dar es Salaam, na kwamba muuzaji amekuambia okidi ni mmea wa msituni usiotaka mwanga. Sasa unauliza mahali pa kuiweka, mbolea, kubadilisha chungu na namna ya kuifanya itoe maua tena. Maelezo ya muuzaji wako ni yale yale niliyopewa mimi, na yaliua mimea yote niliyokuwa nimeinunua kwa fedha nyingi. Ndiyo maana nakuandikia kwa ukali kidogo, maana mmea wako bado ni mzima.

Ni kweli kwamba Phalaenopsis asili yake ni misitu ya joto ya Asia, ikiwemo ya Ufilipino na Indonesia, na ni kweli kwamba haivumilii jua kali la mchana. Lakini haioti kwenye giza la chini ya msitu. Hujishikiza juu, kwenye magome na matawi ya miti, ambako mwanga huchujwa na majani, upepo hupita wakati wote, na mvua ikishanyesha mizizi hulowa kisha hukauka upesi. Kivuli cha tawi la mti na kivuli cha kona ya sebule ni vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Jua la saa sita mchana hufikia takriban laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga). Phalaenopsis hustawi vizuri kwenye laksi 10,000 hadi 15,000. Sebule yenye mapazia mazito huweza kuwa na laksi mia chache tu. Macho yetu hayatuonyeshi tofauti hiyo, kwa sababu mboni hupanuka tukiingia ndani na chumba kikaonekana kina mwanga wa kutosha. Mmea hauna mboni.

Fuatilia sasa kinachotokea ndani ya chungu, kwa sababu hapo ndipo hasara kubwa inapojificha. Maua ya Phalaenopsis huweza kudumu miezi miwili hadi mitatu hata mmea ukiwa mahali pasipofaa, kwa kuwa unatumia akiba iliyojengeka kwenye majani yake manene tangu ulipokuwa kitaluni. Kwa hiyo katika miezi ya mwanzo utaamini kabisa kwamba muuzaji alisema kweli. Wakati huo huo mmea uliokosa mwanga hautengenezi chakula cha kutosha, haukui, na hutumia maji kidogo sana. Maji uliyomwaga jana yanabaki kwenye chungu leo na kesho, na zile nafasi zilizopaswa kuwa za hewa zinajaa maji. Mizizi ya okidi imevikwa utando mweupe unaofyonza maji haraka kama sifongo, na utando huo unahitaji kukauka kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine. Ukikaa umelowa bila hewa, mizizi huoza, ikageuka kuwa ya kahawia na laini, na ukiiminya ganda linachomoka na kubaki uzi mwembamba wa katikati.

Mmea usio na mizizi hauwezi kunywa hata ukizungukwa na maji, na dalili yake ni majani kunywea na kufanya makunyanzi. Hiyo ni dalili ile ile ya kiu. Mwenye mmea akiona majani yamenywea, huongeza maji, na kwa kufanya hivyo huimaliza hata mizizi michache iliyokuwa imesalia. Nami niliongeza. Nilipompigia simu muuzaji wangu kumweleza hali ilivyo, aliniambia niongeze zaidi, tena niihamishie mimea kwenye udongo uliochanganywa na samadi ili ipate nguvu. Udongo ndio uliokamilisha maangamizi, kwa sababu uliziba hewa kabisa, na nilipoukung'uta mmea wa mwisho sikukuta mzizi hata mmoja ulio hai.

Nina hasira na ushauri huo hadi leo, na sioni sababu ya kuificha. Mtu anayeuza mmea wa bei kubwa, akaupamba kwa utepe na karatasi ya kung'aa, ana wajibu wa kujua unavyoishi, au aseme wazi kwamba hajui. Badala yake humwambia mnunuzi jambo linalopendeza masikioni: weka popote panapokupendeza, mwagilia, maua yatakuja. Mmea ukifa, mnunuzi hujilaumu kwamba hana mkono wa maua, kisha hurudi kununua mwingine kwa mtu yule yule. Nawalaumu pia wanaonakili maelekezo ya Ulaya na Marekani na kuyasambaza humu kama yalivyo, kwamba dirisha la kusini ndilo lenye jua na la kaskazini ni la kivuli. Maelekezo hayo waliandikiwa watu ambao jua lao la mchana huwa upande wa kusini mwaka mzima. Sisi hatuko huko.

Kanuni yangu ni moja: kabla hujaamua siku ya kumwagilia, pima kivuli. Saa sita mchana, siku isiyo na mawingu mazito, nyoosha mkono wako juu ya majani ya okidi, kiasi cha sentimita 30, na utazame kivuli kinachoangukia majani. Kivuli kikiwa cheusi chenye kingo kali, mwanga umezidi na majani yataungua. Kikiwa hakionekani kabisa, mahali hapo ni pa giza, na kila kikombe cha maji utakachomwaga hapo ni hatari. Unachotafuta ni kivuli hafifu chenye kingo zilizofifia, ambacho bado unatambua kwamba ni cha mkono. Rudia kipimo hicho saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, kwa sababu jua huhama na dirisha lililo salama asubuhi laweza kuwa tanuri jioni.

Kwa ghorofa za Dar es Salaam, dirisha la mashariki ndilo ninalolipendelea kuliko yote, kwa sababu hupata jua laini la asubuhi mwaka mzima kisha hubaki na mwanga mzuri wa kawaida. Mji huu uko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena katika nusu ya kwanza ya Oktoba. Kati ya nyakati hizo, yaani kuanzia masika hadi mwisho wa kipupwe, jua la mchana huelemea kaskazini, hivyo dirisha la kaskazini ndilo linalopata jua la moja kwa moja. Kuanzia Novemba hadi Februari zamu huwa ya dirisha la kusini. Mmea uliokaa salama mwezi wa Desemba kwenye dirisha la kaskazini unaweza kuungua mwezi wa Juni bila wewe kuusogeza hata kidogo. Dirisha la magharibi linahitaji pazia jepesi wakati wote. Angalia pia vioo vyako: vile vya madirisha ya aluminiamu vilivyotiwa rangi nyeusi, pamoja na wavu wa mbu na nondo za dirishani, hupunguza mwanga kwa kiasi kikubwa, na ukisogea mita mbili tu ndani ya chumba kinachobaki ni kidogo mno.

Majani yatakuthibitishia kama umepima sawasawa. Ya kijani iliyokoza sana, marefu na yaliyolegea, yanaomba mwanga. Ya kijani ya wastani, magumu, yameridhika. Yakianza kupauka na kuwa ya njano upande unaotazama jua, au ukiyagusa ukayakuta ya moto, ondoa mmea hapo siku hiyo hiyo, kwa sababu doa la kuungua halifutiki. Na usiutoe mmea sebuleni na kuupeleka barazani kwa siku moja. Usogeze kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu.

Mwanga ukishakuwa sahihi, suala la maji huwa jepesi. Mizizi iliyolowa ni ya kijani, iliyokauka ni ya rangi ya fedha. Chungu cha plastiki kinachopitisha mwanga hukuonyesha yote hayo bila kubahatisha. Mwagilia asubuhi mizizi inapogeuka rangi ya fedha, acha maji yote yachuruzike, mwaga yaliyobaki kwenye kisahani, na ukiona maji yametuama kwenye kitovu yanapotokea majani, yafyonze kwa karatasi laini.

Kwa hiyo kesho asubuhi itoe okidi kwenye ile karatasi ya kung'aa inayozuia maji yasitoke, iweke karibu na dirisha, na saa sita mchana upime kivuli. Kisha rudi hapa utuambie dirisha lako linatazama upande gani, vioo ni vya aina gani, na uweke picha ya mizizi, siyo ya maua.