Lile Goti Halikuwa Goti

Juzi usiku nikiwa kwenye foleni ya feri, upande wa Likoni, ulinijia ujumbe mrefu wa msomaji. Ni daktari mwanagenzi. Mji wake siutaji. Mgonjwa wake alifariki utumbo ukiwa umeoza, na kwenye kikao cha kujadili vifo akasimamishwa mbele ya watu na kuulizwa kama udaktari aliusomea kwa posta. Sasa ananiuliza: "Dakta, niachane na upasuaji?"

Nilimwambia angoje nifike nyumbani. Nimefika, nimekula, na usingizi umegoma.

Mimi nami nilisimamishwa. Nilikuwa na miezi minne ya uanagenzi hapa Mombasa (hospitali siitaji, na mambo machache nimeyageuza ili mgonjwa asijulikane). Alfajiri moja aliletwa bibi wa Mji wa Kale, miaka themanini na ushei, mwembamba kiasi cha kuhesabika mbavu, kazaa mara nane. Nilimwamkia shikamoo. Akaitika, "Marahaba, mwanangu," kisha akainamia beseni na kutapika maji ya kijani.

"Tumbo lanisokota," akasema. "Na hili paja lanivuta mpaka gotini."

Bintiye akadakia: "Goti ni la zamani hilo, dakta. Twamchua kwa mafuta ya karafuu."

Nikaandika kwenye faili: baridi yabisi ya goti. Maneno manne, na mwandiko mzuri kabisa.

Kisha nikampima tumbo. Alikuwa amejifunga leso mbili, moja kifuani na moja kiunoni. Ile ya kiunoni niliishusha vidole viwili, nikaona haya, nikairudisha. Mimi kijana wa miaka 25, yeye rika la nyanya yangu, wodi imejaa, pazia limekatika kulabu. Nikajiambia nimemstahi. Nikabonyeza tumbo juu ya kitambaa, nikatia kipima sauti, nikasikia utumbo ukinguruma. Eksirei ikaonyesha matumbo yaliyotuna, hewa juu na maji chini, ngazi juu ya ngazi. Utumbo umeziba, hilo hata mwanafunzi angeliona. Umezibwa na nini? Hakuwa na kovu hata moja la upasuaji, kwa hivyo si makovu ya ndani yaliyoshikana. Hapo ndipo ningesimama nijiulize. Sikusimama. Mrija wa puani, dripu, asile kitu, tungoje.

Siku ya pili akatoa upepo. Tukashangilia kama mtu aliyefunga bao. Usiku wa siku ya tatu mapigo ya moyo yakapanda, tumbo likakakamaa kama ubao.

Thieta nilishika vyuma tu. Mpasuaji alishuka na mkono mpaka ndani ya nyonga, akanyamaza. "Leta kidole chako hapa." Nikapitisha. Utumbo mwembamba ulikuwa umezama kwenye tundu la mfupa lisilopitisha zaidi ya ncha ya kidole. Ulipotolewa, upande mmoja tu wa ukuta wake ndio uliokuwa umebanwa, mweusi kama mkaa uliolowa, na katikati umetoboka. Tukakata, tukaunga, tukaosha. Alifariki siku ya tano.

Bintiye alipokuja kuchukua leso zake nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Kwa hivyo lile goti halikuwa goti?"

Halikuwa. Ile ni ngiri ya obtureta (utumbo kupenya kwenye tundu la mfupa wa nyonga), ambayo haifiki hata 1 katika kila ngiri 100. Arnaud de Ronsil, Mfaransa, aliieleza tangu 1724, na mpaka leo inatupiga chenga kwa sababu haitokezi uvimbe nje. Imejificha chini ya misuli ya paja. Huwapata zaidi vikongwe wanawake waliokonda na kuzaa sana: nyonga yao ni pana, na yale mafuta yaliyokuwa yakiziba tundu yamekwisha. Katika tundu hilohilo hupita mshipa wa fahamu unaokwenda upande wa ndani wa paja, karibu na goti. Ngiri ikiubana, mgonjwa hulalamikia goti, nasi twampa dawa ya goti. Ukiunyoosha mguu, ukautanua na kulizungusha paja kwa ndani, maumivu huzidi, akiukunja, hupoa. Ndiyo ishara ya Howship na Romberg. Na kwa kuwa mara nyingi hubanwa upande mmoja tu wa utumbo, njia hufunga na kufunguka. Ule upepo wa siku ya pili ulitudanganya.

Kikaoni niliulizwa ishara hiyo ni ipi. Sikuijua. Mkubwa mmoja akasema mimi nafaa nikauze viazi karai. Watu wakacheka, na wengine walikuwa wanagenzi wenzangu. Mkubwa huyohuyo alikuwa amepita kwenye kitanda cha bibi asubuhi mbili mfululizo, na leso hakuifunua. Hilo halikuandikwa popote. Miaka imepita, nami nimeshindwa kulisahau. Anayesema yamekwisha hayakumpata yeye.

Sasa nyinyi mnaotaka upasuaji, mnaotafuta nafasi ya uzamili au mitihani ya COSECSA (chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini), najua mwapenda kuulizana magonjwa adimu. Yakaririni, sawa. Lakini mgonjwa wangu hakuuawa na uadimu. Paja alilitaja kwa mdomo wake, dakika ya kwanza. Kilichomponza ni haya zangu, nami nikaziita heshima. Stara ya mgonjwa hailindwi kwa kutompima. Mwite sista, funga pazia (kama halina kulabu, shikeni shuka), mwombe ruhusa bibi mwenyewe, kisha funua mpaka magotini. Pima vinena vyote viwili. Pima kwa kidole njia ya haja kubwa, na kwa mwanamke, ukeni pia, kwa ruhusa yake. Mara nyingine uvimbe huguswa huko. Utumbo umeziba na kovu hakuna? Tafuta ngiri. Hujaiona? Tafuta tena, na uombe skani ya CT kabla hujaandika "tungoje".

Mengine yanatatiza hata ukifunua. Kifua kikuu cha tumbo, kwa mfano, huweza kufanana na saratani ya utumbo mpana; chukua kinyama kipimwe kabla hujamtangazia mtu saratani. Na kuna fundo: utumbo mwembamba unajizungusha kwenye shingo ya utumbo mpana na kujifunga. Daktari mmoja, Shepherd, aliandika mwaka 1967 kuhusu wagonjwa 92 wa Uganda, kwa hivyo tusijifanye ni maradhi ya mbali. Huhusishwa na mlo mmoja mkubwa kwenye tumbo tupu. Mimi nilimpata mmoja Ramadhani, kijana mchukuzi, saa chache baada ya futari. Eksirei ilifanana na utumbo mpana uliojisokota tu, wenzangu wakataka kupitisha mrija kwa nyuma kuutoa upepo. Nikatazama presha yake inavyoporomoka, haraka mno kwa msokoto wa kawaida, nikasema thieta sasa hivi. Tulikuta fundo. Hatukulifungua, maana utumbo uliokufa ukifunguliwa humwaga sumu mwilini, tulilikata lilivyo. Kijana yu hai, bado abeba mizigo. Naam, najivuna, na sioni haya kwa hilo.

Kwa hivyo jibu lako, mdogo wangu, ni hapana, usiache. Rudi wodini kesho ukafunue shuka.

Na mwezi uliopita aliletwa bibi mwingine, wa Likoni, mwembamba vilevile, anatapika. Sista akashika shuka, mimi nikamwomba radhi na ruhusa, nikaunyoosha mguu wa kulia na kulizungusha paja. "Hapo hapo, babangu! Papo hapo!" Skani ikathibitisha saa tano usiku. Utumbo tuliukuta umevilia, tukaufunika kwa vitambaa vya maji vuguvugu, tukangoja huku hakuna asemaye neno, mpaka ukarudi kuwa na rangi ya waridi. Hatukukata kitu. Tundu tukaliziba.

Siku ya kuondoka aliniuliza goti tumelitia dawa gani, mbona limenyamaza. Nikakaa kitandani pake, nikamchorea nyuma ya fomu: mfupa, tundu, mshipa. Akaitazama ile picha kwa muda.

"Basi yule muuza dawa wa kule ferini," akasema, "anirudishie mia tano yangu."