Barua ya "kwa masikitiko"

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama 22 tunaoanika dagaa hapa Igombe. Mwezi wa pili tulipeleka andiko kwa wafadhili fulani wa Dar es Salaam tukiomba shilingi milioni 18 za vichanja, maana dagaa wa mchangani bei yake ni ya chakula cha kuku. Mwezi wa saba ikaja barua ya mistari minne: "kwa masikitiko..." Sababu hawakutaja. Mwenyekiti anasema pesa zile zina wenyewe. Kuna kijana wa mjini anataka asilimia 10 atuandikie upya. Hivi hawa watu huwa wanasoma kweli?
Katibu, Igombe

JIBU: Marahaba, mayu. Wanasoma, ila si wote wanaofika kusomwa. Nilikaa miaka tisa upande ule wa meza kabla sijarudi Mwanza.

Chekeche la kwanza haligusi andiko lenyewe. Ofisa, mara nyingi kijana aliyeajiriwa juzi, anatafuta cheti cha usajili, katiba, hesabu za mwaka uliopita, na akaunti ya benki yenye jina la kikundi. Kimoja kikikosekana, mmetoka. Hebu angalia cheti chenu. Kikundi kilichoandikishwa Manispaa ya Ilemela si sawa na NGO iliyosajiliwa na Msajili kwa Sheria Na. 24 ya mwaka 2002. Wapo wafadhili wanaopokea vyote viwili na wapo wasiovitaka vikundi. Hilo huwa kwenye tangazo, pale watu wanaporuka wakikimbilia kiasi cha pesa.

Maandiko yaliyopita chekeche hilo husomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, wakitoa alama. Wakipishana mno, anaitwa wa tatu. Mimi nilikuwa naanzia nyuma, kwenye bajeti, kwa sababu bajeti haijui kubembeleza. Nakumbuka andiko la wavuvi wa Ukerewe: kurasa kumi za "kuijengea jamii uwezo", halafu kwenye bajeti semina ya siku tano, posho, fulana, kompyuta. Vichanja, laki tatu! Nilicheka, kisha nikaona uchungu. Walichohitaji kilikuwa mirunda na nyavu, ila kuna mtu aliwaambia wafadhili wanapenda semina.

Huyo kijana wenu ananitia wasiwasi kwa hilo hilo. Kule kwetu, pesa ya mradi haikuruhusiwa kumlipa mwandishi wa andiko, kwa hiyo asilimia yake ingetoka wapi kama si kwenye mirunda yenu? Andikeni wenyewe. Mrunda mmoja bei gani hapo Igombe, kichanja kimoja kinakula mingapi, fundi anadai nini, ninyi mtachanga nini. Masika iliyopita mlimwaga ndoo ngapi zilizooza? Ndoo hizo zina nguvu kuliko neno "umaskini" likirudiwa mara arobaini.

Miezi mitano isikushangaze. Baada ya alama kuna kuwatembelea waombaji, kisha bodi, na bodi yetu ilikaa kila robo mwaka. Na maandiko mengine mazuri yaliangushwa na pesa kuisha: mwaka mmoja tulikuwa na pesa ya miradi kama ishirini, na maandiko yamejaza chumba cha mikutano.

Kuhusu kujuana, sitakudanganya. Nilikoona mimi, kulimsaidia mtu kulipata tangazo mapema, alama hazikuguswa. Isipokuwa mara moja, na siku hiyo nilinyamaza. Sijivunii.

Waandikieni barua fupi kuuliza mliangukia hatua gani. Msibishane, ulizeni tu. Wengine hujibu. Wakati mnasubiri, nendeni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata mkaulize mikopo ya halmashauri isiyo na riba. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengewa mikopo hiyo, nne ni za wanawake. Ni deni, lakini kichanja kizuri hulipa deni.

Halafu nitumie ule ukurasa wa bajeti, mayu. Usiufanyie usafi kwanza.