Maswali na Majibu: Mnyama gani wa Afrika Mashariki ana jina la kisayansi linaloanza kwa X?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule ya sekondari mkoani Mwanza. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanaandika kwa mkono jedwali la ukutani lenye mnyama mmoja kwa kila herufi, kwa kutumia majina ya kisayansi, na sharti tulilojiwekea ni kwamba kila mnyama awe anapatikana Afrika Mashariki. Q tumeijaza kwa kweleakwelea, yaani Quelea quelea, lakini X imetushinda, kwa sababu vitabu tulivyo navyo vinataja ndege wa Amerika tu. Je, wapo wa kwetu? Kama wapo, tumchague yupi, na tutathibitishaje kwamba ndiye?

JIBU: Wapo, Mwalimu, na mmoja wao huenda yumo katika bwawa lililo karibu na shule yenu. X huonekana ngumu kwa sababu majina ya Kiswahili hayaitumii na ya Kiingereza huitumia kwa nadra, hivyo orodha nyingi za watoto hukimbilia ndege mdogo wa Amerika aitwaye Xenops na kuishia hapo. Majina ya kisayansi hayana uhaba huo. Mengi yameundwa kutokana na Kilatini na Kigiriki, na Kigiriki kina maneno kadhaa ya kawaida kabisa yanayoanza kwa herufi hiyo: xylon ni mti au ubao, xeros ni kikavu, xiphos ni upanga, na xenos ni mgeni au kitu kisicho cha kawaida. Mtaalamu aliyetaka kumtambulisha mnyama kwa mojawapo ya sifa hizo alijikuta anaanza na X bila kuitafuta.

Kuna kindi wa ardhini wa jenasi Xerus, ambao wanafunzi wanaweza kuwa wamewaona wakikatiza barabara katika maeneo makavu. Xerus rutilus hana mstari ubavuni, na anaishi katika nyika za Kenya, Tsavo na Samburu zikiwemo, hadi kaskazini-mashariki mwa Tanzania; Xerus erythropus ana mstari mweupe ubavuni. Wote hulala katika mashimo wanayochimba wenyewe, na manyoya yao ni magumu, bila tabaka la manyoya laini ndani. Katika Bahari ya Hindi yumo Xiphias gladius, samaki mkubwa mwenye mdomo mrefu na bapa kama upanga, ambaye misuli fulani karibu na macho yake imegeuka kuwa kiungo cha kuzalisha joto, hivyo macho na ubongo wake hubaki na joto kuliko maji yanayomzunguka anapowinda kwenye kina chenye baridi. Kwenye matope ya hori la Mida, karibu na Watamu katika pwani ya Kenya, huonekana Xenus cinereus, ndege mdogo wa pwani mwenye mdomo uliopinda kuelekea juu. Huyo huzaliana kaskazini ya mbali, Urusi hasa, na kuja kwetu kwa msimu, na sharti lenu, nijuavyo, halijasema kama mgeni wa msimu anahesabiwa.

Wadudu wa jenasi Xylocopa wanastahili maneno zaidi kidogo, kwa sababu kila mtu anawafahamu hata kama hajawahi kuwauliza jina: ni wale nyuki wakubwa, mara nyingi weusi, wanaotoboa matundu ya mviringo kwenye boriti na nguzo kavu. Jike hali ubao anaoutafuna. Huutoboa ili apate njia ya ndani, ambayo huigawa vyumba kwa kuta za chembechembe za ubao huohuo, na katika kila chumba huweka bonge la chavua iliyochanganywa na mbochi, akataga yai moja juu yake. Wenye nyumba humchukia, lakini mkulima wa pasheni ana sababu ya kumpenda: ua la pasheni ni kubwa kiasi kwamba nyuki wa asali hupita chini ya viungo vyake vya uzazi bila kuvigusa, ilhali mgongo wa Xylocopa huvifikia, na aina ya pasheni ya manjano haiwezi kuzaa bila chavua kutoka mmea mwingine. Nyuki hao pia huweza kulishika ua la nyanya au biringanya na kutetemesha misuli ya mabawa hadi chavua imwagike, kazi ambayo nyuki wa asali haifanyi. Ikiwa wanafunzi wako wanapendelea mdudu, nafasi ya X mnaweza kumpa huyu na mkawa sahihi kabisa.

Pendekezo langu, hata hivyo, ni Xenopus, chura mwenye kucha. Sababu ya kwanza ni kwamba jenasi hii ni ya Afrika kusini mwa Sahara pekee, isipokuwa pale alipopelekwa na watu, na spishi zake kadhaa zimo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Sababu ya pili ni kwamba wanyama wachache wa bara hili wamechangia maarifa ya biolojia kama yeye, jambo ambalo vitabu vyetu vya shule hulipita kimya.

Jina lake lina maana ya mguu usio wa kawaida, na mguu wenyewe ndio utambulisho wake. Vidole vya nyuma vimeunganishwa na utando hadi nchani, na vitatu vya upande wa ndani vina kucha nyeusi ambazo humsaidia kurarua chakula. Hana ulimi, kwa hiyo hawezi kunasa mdudu kama vyura wengine wafanyavyo. Hukisukumia chakula mdomoni kwa vidole vya mbele au hukifyonza pamoja na maji. Huishi majini karibu maisha yake yote, ingawa hupanda juu kuvuta hewa kwa mapafu, na bwawa linapokauka hujifukia katika matope au husafiri usiku wa mvua kwenda bwawa jingine. Mwilini ana safu za alama fupi nyeupe zinazofanana na mishono ya sindano: hizo ni viungo vya hisia vinavyotambua mtikisiko wa maji, kiungo ambacho samaki wanacho na ambacho vyura wengi hukipoteza wanapomaliza hatua ya kiluwiluwi.

Kilichompeleka duniani ni mkojo wa wajawazito. Kati ya mwaka 1927 na 1930, mwanazoolojia Mwingereza Lancelot Hogben alikuwa akifundisha Cape Town, akaona kwamba jike la Xenopus laevis akidungwa dondoo ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, hutaga mayai. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 watafiti wa mji huohuo, Hillel Shapiro na Harry Zwarenstein, waliligeuza jambo hilo kuwa kipimo cha mimba: homoni inayotolewa na kondo la nyuma na kuingia katika mkojo wa mjamzito huichochea ovari ya chura, hivyo mkojo uliotayarishwa ukidungwa chini ya ngozi yake, mayai huonekana kwa macho kabla siku haijaisha. Vipimo vilivyotangulia vilitumia panya na sungura, ambao walipaswa kuuawa na kupasuliwa ndipo matokeo yajulikane. Chura alirudishwa kwenye maji yake, akapumzishwa, akatumika tena. Vyura hao walisafirishwa kwa wingi hadi Ulaya na Marekani, na waliendelea kutumika mpaka miaka ya 1960, vipimo vya kingamwili vilipochukua nafasi yao.

Maabara zilizokwisha kuwa na chura anayetaga wakati wowote wa mwaka kwa sindano moja zilimpata pia mnyama bora wa kuchunguza ukuaji wa kiinitete. John Gurdon, akifanya kazi Oxford, alichukua viini vya seli za utumbo wa viluwiluwi vya Xenopus, akavipandikiza katika mayai yaliyoondolewa kiini chake, na baadhi ya mayai hayo yakakua. Makala yake ya mwaka 1962 ilionyesha kwamba seli iliyokwisha kuwa na kazi maalumu bado inabeba maelekezo yote ya kutengeneza mwili mzima, na mwaka 2012 alipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Shinya Yamanaka wa Japani. Mwaka 1987 Michael Zasloff, aliyeshangazwa na jinsi vidonda vya vyura aliowapasua vilivyopona bila usaha katika maji machafu, alitenga kutoka katika ngozi yao protini fupi zinazoua bakteria, akaziita magainini.

Kwa darasa la jenetiki kuna jambo zuri zaidi, na liko jirani na kwenu. Xenopus tropicalis wa Afrika Magharibi ana kromosomu 20, seti mbili kama ilivyo kwa binadamu. Xenopus laevis ana 36, kwa sababu babu zake ni spishi mbili tofauti zilizochangamana zamani sana na kila moja ikaacha seti zake zote. Xenopus vestitus, anayeishi katika nyanda za juu za Rwanda na maeneo jirani ya Uganda na Kongo, ana 72, na Xenopus ruwenzoriensis, wa chini ya milima ya Ruwenzori, ana 108. Tunazoea kufundisha kwamba wingi wa seti za kromosomu ni jambo la mimea, ngano na ndizi, tukiwasahau hawa waliofanya hivyohivyo wakiwa na uti wa mgongo. Kama jedwali lenu lina nafasi ya mstari mmoja wa maelezo chini ya kila jina, ningeweka huo.

Sasa suala la kuthibitisha, ambalo umefanya vyema kuliuliza, maana hata mabingwa hukosea hapa. Katika miaka ya 1970 maabara mashuhuri za Marekani zilichapisha tafiti nyingi za jeni kuhusu chura waliyemwita Xenopus muelleri, ambaye ni wa nyanda za chini na pwani ya mashariki mwa Afrika. Mwaka 1977 Donald Brown na wenzake walilazimika kutangaza kwamba vyura waliokuwa wakiwatumia walikuwa Xenopus borealis, spishi ya nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Vipimo vyao havikuharibika, lakini jina lilikuwa la mnyama mwingine.

Kwa ngazi ya jenasi hamhitaji maabara. Chura mwenye mwili bapa na unaoteleza sana, macho madogo yaliyo juu ya kichwa yakitazama angani, mishono myeupe ubavuni, na kucha nyeusi kwenye vidole vitatu vya kila mguu wa nyuma, ni Xenopus. Kwa huku kwenu hakuna chura mwingine mwenye sifa hizo zote kwa pamoja. Hakuna haja ya kumfungua mdomo kutafuta ulimi. Kwa ngazi ya spishi mambo ni magumu zaidi: kandokando ya Ziwa Viktoria anayetarajiwa ni Xenopus victorianus, ambaye kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa tawi tu la laevis, na kumtenga kwa hakika na jamaa zake hutegemea mlio wake wa chini ya maji, kromosomu au vinasaba. Kwa hiyo msiandike victorianus kwa sababu tu mnaishi Mwanza. Andikeni Xenopus sp., ufupisho unaomaanisha kwamba jenasi inajulikana na spishi bado haijathibitishwa. Huo ndio uandishi halali wa kisayansi, nasi tulio katika makumbusho tunautumia kila siku kwenye chupa zetu.

Mkitaka kumwona, mtego wa samaki wenye mdomo wa faneli, kama dema dogo au mgono, ukiwekwa kipande cha ini na kuachwa usiku mmoja katika bwawa lililotulia hutosha, ila sehemu yake ya juu lazima ibaki nje ya maji, la sivyo vyura waliomo watakufa kwa kukosa hewa. Mwombeni ruhusa mwenye bwawa na muulizeni afisa wa wanyamapori wa wilaya kabla ya kutega. Wanafunzi wasiingie majini, kwa kuwa kichocho kimeenea kandokando ya ziwa na katika mabwawa mengi ya mkoa wenu. Mtego ufungwe kamba na uvutwe kutoka ukingoni, naye atakayeutoa avae buti na glavu za mpira. Chura akishapigwa picha ya mgongo, ya ubavu na ya mguu wa nyuma, arudishwe katika bwawa lilelile alikotolewa na si jingine. Xenopus anaweza kubeba kuvu aitwaye Batrachochytrium dendrobatidis bila kuugua, na kuvu huyo ameangamiza vyura wa spishi nyingi duniani. Kwa muda ilidhaniwa kwamba biashara ya vyura wa kupimia mimba ndiyo iliyomsambaza kutoka Afrika. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2018 ulielekeza chanzo chake Asia Mashariki, lakini hilo halipunguzi hatari ya kumhamisha kwa mtego wenye tope. Kausheni mtego juani kabisa kabla ya kuutumia kwingine.

Kwenye jedwali, jina la jenasi lianze kwa herufi kubwa na la spishi kwa herufi ndogo, na kwa kuwa mnaandika kwa mkono, yote mawili yapigiwe mstari chini badala ya mlazo wa chapa. Ufupisho sp. haupigiwi mstari. Jina la kisayansi halibadilishwi tahajia kufuata matamshi ya Kiswahili, kwa hiyo msiandike Zenopusi. Kando yake wekeni chura mwenye kucha, ili mgeni atakayesimama mbele ya ukuta wenu ajue anamtazama nani.