Everton: uwanja mpya na mwenye timu

SWALI: Mhariri habari, hivi uwanja mpya wa Everton unaingiza watu wangapi, na ni kweli Moshiri kashauza timu?

JIBU: Kweli kabisa ndugu yangu, Farhad Moshiri aliuza Desemba 2024 kwa Friedkin Group ya Marekani, walewale wenye klabu ya Roma ya Italia. Uwanja uko Bramley-Moore, bandarini Liverpool, unabeba zaidi ya 52,000 wakati Goodison Park, uwanja wao wa zamani, ilikuwa kama 39,000 hivi, na mechi ya kwanza ya ligi Agosti 2025 wakaipiga Brighton 2-0, mchezaji wao Ndiaye akafunga bao la kwanza. Goodison haijabomolewa, imepewa timu ya wanawake ya Everton na hapo mimi nawapongeza sana, maana uwanja wa tangu 1892 kuuvunja ingeuma.