Muulize Fundi: CNC inahama, ninunue mota kubwa?

SWALI: Habari ya kazi fundi. Niko Kariobangi, nachonga mabango na ruta ya CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) niliyojiundia, inatumia GRBL (programu ya kuiendesha) na stepa (mota zinazoenda hatua kwa hatua) za hatua 200 kwa mzunguko, lidskrubu (skrubu ndefu inayosukuma ruta) ni ya milimita 8 kwa mzunguko. Ikianza iko sawa kabisa lakini ikifika herufi za mwisho mhimili wa X umeshahama, nikiirudisha sifuri inakosea kama milimita mbili hivi. Aliyeniuzia vifaa anasema mota ni ndogo. Ni kweli?

JIBU: Shika pesa zako kwanza ndugu yangu, muuza mota atakosaje kusema shida ni mota. Stepa ya kawaida haina njia ya kumwambia bodi imefika wapi, bodi inatuma palsi (ishara fupi za umeme) na kuamini zote zimefuatwa, kwa hivyo skrini inaweza kusoma 0.000 na ruta iko kwingine kabisa.

Toa biti, weka dayo geji (kipimo chenye uso kama saa cha kusoma mwendo mdogo) mwanzoni mwa X, isome, halafu endesha faili yako lote hewani na uirudishe pale pale. Ikihama hata bila kukata mbao, shida ni spidi, aksileresheni (jinsi inavyoongeza spidi haraka) ama umeme. Ikihama tu ikikata, unailazimisha, punguza kina ama unoe biti. Na kama kosa halikui, linaonekana tu ukigeuza upande, hiyo ni pleyi (ulegevu) ya nati, hatua hazijapotea.

Sasa hapo kwa "mbili hivi" ndio sipendi, nataka namba kamili, kwa sababu mota ikizidiwa hairuki hatua moja moja, inaruka nne nne, na kwa skrubu yako hatua nne ni milimita 0.16. Kwa hivyo ukipata 1.92 ama 2.08 mota imeteleza. Ukipata namba isiyoingia kwa 0.16, mota iache, chukua kalamu ya maka uchore mstari mmoja unaopita kwa shafti ya mota, kaplingi (kiungo cha mota na skrubu) na skrubu, endesha kazi, rudi uangalie. Mstari ukikatika, zile skrubu ndogo za alenki zimelegea, na mara nyingi ni hizo, watu wanabadilisha draiva (kifaa kinachoipa mota umeme) mbili tatu kabla ya kushika alenki.

Mstari ukiwa mzima na kosa linaenda upande mmoja kila siku, shuku palsi. Draiva zingine zinataka mwelekeo ubadilike kitambo kidogo kabla ya palsi kuingia, wakati ukiwa mfupi unapoteza kidogo kila inapogeuka, na herufi zina kona nyingi sana. Kwa mipangilio ya GRBL, jaribu kugeuza $2 (inapindua palsi), ama uongeze $0 (urefu wa palsi). Waya za palsi pia ziweke mbali na za spindo (mota inayozungusha biti).

Na kama kweli ni mota kuteleza, bado usikimbilie kubwa. Punguza $120 (aksileresheni ya X) iwe nusu, kisha $110 (spidi ya juu ya X), uone. Spidi ikipanda nguvu ya stepa inashuka kwa sababu umeme haupati muda wa kujaa kwa koili, kwa hivyo kutoka volti 24 kwenda 36 mara nyingi inasaidia kuliko mota mpya, bora draiva iwe inakubali hizo volti. Ampea weka zile zimeandikwa kwa mota, usizidishe. Stepa zenye enkoda (kihisi kinachosoma mota imezunguka kiasi gani) ni nzuri, zikishindwa zinapiga alamu na kusimama, lakini zinagharimu na kaplingi ikiteleza hazitajua, kwa maana enkoda iko nyuma ya mota.

SWALI: Stima ikipotea katikati ya kazi naweza kuendelea pale ilipoachia?

JIBU: Sio moja kwa moja. Draiva ikiwaka tena mota inaruka kidogo ijipange, na huenda mtu ameshasukuma geti (daraja linalobeba spindo). Fanya homing (mashine ijitafutie mahali pake pa kuanzia) kwanza, na kama huna swichi za limiti weka hata za bei rahisi. Halafu anza mistari kadhaa nyuma, na uwashe spindo kabla biti haijashuka kwa mbao.