Kiungulia kinarudi kila nikiacha dawa: je, asidi yangu imezidi?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 43. Kwa zaidi ya mwaka sasa nasumbuliwa na kiungulia, hasa usiku nikishalala. Maji machungu hupanda hadi kooni, na asubuhi naamka sauti imekauka. Nilipimwa bakteria wa vidonda vya tumbo, majibu yakasema sina. Huwa nanunua omeprazoli, nameza kidonge kimoja nikianza kuungua, nikipata nafuu naacha. Lakini baada ya siku chache hali inarudi ile ile. Je, mwili wangu unatengeneza asidi kupita kiasi? Na ipo dawa ya kumaliza tatizo hili kabisa?

JIBU: Salama, ndugu yangu, na pole sana kwa usiku wa namna hiyo. Kwa watu wengi wenye kiungulia, tumbo halitengenezi asidi nyingi kuliko tumbo la mtu mwingine. Asidi ni ya kiwango cha kawaida, ila imefika mahali isipotakiwa kufika.

Asidi ya tumbo ni kali kweli kweli. pH yake, yaani kipimo cha ukali ambacho namba ikiwa ndogo ukali ni mkubwa, kwa kawaida ni kati ya 1.5 na 3.5. Tumbo lenyewe linaivumilia kwa sababu ukuta wake umefunikwa na ute mzito. Umio, ule mrija unaoshusha chakula kutoka kooni, hauna kinga ya aina hiyo. Kati ya viwili hivyo kuna vali ya misuli inayofunguka unapomeza na kujifunga chakula kikishapita, ikisaidiwa na msuli wa kiwambo unaotenganisha kifua na tumbo. Ugonjwa wako, kwa maelezo uliyonipa, uko kwenye vali hiyo.

Hata kwa mtu mwenye afya, vali hulegea yenyewe kwa sekunde kadhaa, mara nyingi kwa siku, bila yeye kumeza chochote. Ndiyo njia ambayo hewa hutokea mtu anapobeua. Kwa mwenye kiungulia, hewa inapotoka hutoka pamoja na asidi. Kinachoichokoza vali kulegea zaidi ni tumbo kutanuka, na hapo ndipo mlo mmoja mkubwa wa usiku unapoleta madhara ambayo milo miwili midogo isingeleta. Chakula chenye mafuta mengi huongeza tatizo, kwa kuwa hukaa tumboni muda mrefu. Ukilala, asidi iliyopanda haivutwi tena kurudi chini, na usingizini mate hupungua na kumeza karibu kunakoma, kwa hiyo umio hauoshwi. Asidi ile ile inaumiza zaidi usiku kuliko mchana.

Wapo ambao sehemu ya juu ya tumbo imepenya na kupanda kifuani kupitia tundu la kiwambo; hiyo huitwa ngiri ya kiwambo, na huinyima vali msaada wake. Unene wa tumboni hulikandamiza tumbo kutoka nje. Ujauzito hufanya hivyo pia, na homoni zake hulegeza misuli. Sigara na pombe navyo vimo.

Hujaniambia kama unatumia dawa nyingine, nami ningependa kujua. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, mfano nifedipini na amlodipini, zinaweza kulegeza vali, na vivyo hivyo dawa za naitreti za maumivu ya moyo na theofilini ya pumu. Nyingine haziigusi vali bali huunguza umio moja kwa moja zikinasa njiani: doksisaiklini ya kuua bakteria, aspirini, ibuprofeni, vidonge vya madini ya chuma. Hizi zimezwe kwa maji ya kutosha, ukiwa umekaa au umesimama, na usilale papo hapo. Usiache dawa ya shinikizo au ya moyo kwa sababu ya maneno yangu haya. Mweleze aliyekuandikia, mara nyingi mbadala upo.

Kuhusu bakteria. Helikobakta pailori, waliogunduliwa na Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, ndio chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo. Kiungulia cha vali iliyolegea ni ugonjwa mwingine, na mtu anaweza kuwa nao bila bakteria hao kabisa. Ila kuna jambo hapa linalopuuzwa sana: omeprazoli huwapunguza bakteria hao kiasi cha kudanganya kipimo cha pumzi na cha choo. Ili majibu yaaminike, dawa inatakiwa iwe imeachwa kwa wiki 2 kabla. Kama ulipima ukiwa unaimeza, majibu yako ya “sina” hayatoshi, na kipimo kirudiwe.

Sasa omeprazoli yenyewe, kwani naamini sehemu kubwa ya mateso yako inatokana na namna unavyoimeza. Ndani ya ukuta wa tumbo kuna seli zenye pampu ndogo zinazomwaga asidi. Omeprazoli hunasa pampu hizo na kuzizima, lakini hunasa zile tu zinazofanya kazi wakati huo. Tumbo likiwa tupu nyingi zimepumzika. Chakula ndicho kinachoziamsha. Dawa nayo haikai kwenye damu muda mrefu, ni saa chache tu. Kwa hiyo inatakiwa imezwe dakika 30 hadi 60 kabla ya kula, ili pampu zinapoamka iwe tayari imefika. Ukiimeza wakati unaungua, unapokwenda kulala, unazikuta pampu chache na dawa inapita.

Tena kidonge kimoja hakimalizi kazi. Huchukua siku 3 hadi 5 za kumeza mfululizo kufikia nguvu yake kamili, na umio uliochubuka unahitaji muda wa kupona. Utaratibu wa kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 20 mara moja kwa siku, kabla ya mlo wa kwanza, kwa wiki 4 hadi 8. Usitafune wala kuponda chembe zilizomo, maana zimefunikwa ili asidi isiziharibu kabla hazijafika utumboni. Lansoprazoli, pantoprazoli na esomeprazoli ni ndugu zake, na kanuni ni hiyo hiyo.

Mtu akimeza mfululizo kwa wiki nyingi kisha akaacha ghafla, tumbo linaweza kumwaga asidi nyingi kuliko awali kwa muda, kwa sababu homoni inayolichochea ilikuwa imepanda wakati dawa inafanya kazi. Wengi hudhani ugonjwa umezidi, wanairudia dawa, na hawaiachi tena. Ukimaliza dozi, panga na daktari wako kuipunguza taratibu, na wiki za mwanzo ujisitiri kwa dawa za kutuliza za muda mfupi.

Hizo za muda mfupi ni za aina kadhaa. Zile zenye magnesi, alumini au kalsiamu huua makali ya asidi ndani ya dakika chache na nguvu yake huisha mapema. Magnesi huweza kuharisha, alumini kufunga choo. Mimi kwa kiungulia cha usiku huzipendelea zenye alginati, kwa sababu hutengeneza tabaka linaloelea juu ya chakula na kuzuia kisipande. Zinywe baada ya kula na kabla ya kulala. Famotidini hupunguza asidi kwa takriban saa 10 hadi 12, na inafaa usiku, ila ukiitumia kila siku mwili huizoea baada ya wiki moja au mbili. Ranitidini usiitafute: mamlaka ya dawa ya Marekani iliomba watengenezaji waiondoe sokoni Aprili 2020 kutokana na kemikali inayohofiwa kusababisha saratani. Maziwa hutuliza kidogo, kisha huchochea asidi upya. Magadi yana sodiamu nyingi, hayamfai mwenye shinikizo la damu.

Ipo dawa ya kumaliza kabisa? Vidonge vyote nilivyotaja hupunguza makali ya kile kinachopanda. Havikarabati vali. Ndiyo maana ninasisitiza mambo mengine ambayo wagonjwa huyaona madogo: kupunguza uzito kama umezidi, kula mlo wa mwisho muda wa saa 3 kabla ya kulala, kulalia ubavu wa kushoto, na kuinua kitanda upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20. Inua miguu ya kitanda chenyewe. Kurundika mito hukunja tumbo na kulikandamiza zaidi. Vyakula, kila mtu na vyake. Acha kile unachokiona kinakuumiza, usijinyime vingine bure.

Anayetegemea dawa miaka nenda rudi, au aliye na ngiri kubwa, anaweza kufanyiwa upasuaji. Njia aliyoitangaza Rudolf Nissen mwaka 1956 huzungusha sehemu ya juu ya tumbo kwenye shingo ya umio ili kuimarisha vali, na siku hizi hufanywa kupitia matundu madogo. Husaidia wengi, lakini baadhi hushindwa kubeua, hujaa gesi au humeza kwa shida, na wapo wanaorudi kwenye dawa baada ya miaka. Kabla ya kisu, lazima asidi ipimwe ndani ya umio kwa saa 24 na nguvu ya misuli ipimwe pia.

Kwa wanaoitumia omeprazoli muda mrefu, vitamini B12 na magnesi huweza kushuka, na maambukizi ya utumbo huongezeka kidogo. Anayetumia klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, asichanganye na omeprazoli wala esomeprazoli. Hayo ni ya kufuatiliwa na daktari, si ya kumfanya mwenye umio uliochubuka aogope dozi yake.

Usisubiri wiki 8 ziishe iwapo chakula kinakwama, unapungua uzito bila kukusudia, unatapika damu, choo ni cheusi kama lami, au una upungufu wa damu. Nenda hospitali ufanyiwe kipimo cha kamera inayopitishwa kooni kuangalia umio na tumbo. Maumivu ya kifua yanayokuja ukitembea au kupanda ngazi, au yanayoshuka mkononi na kuleta jasho, yachukuliwe kuwa ya moyo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sauti yako nayo, ikiendelea kukauka zaidi ya wiki 3, iangaliwe na daktari wa koo, hasa kama unavuta sigara. Na endapo huna dalili hizo za hatari lakini umepangiwa kamera kwa kuwa dawa haikusaidia, muulize daktari kama uiache kwanza kwa wiki 2 hadi 4, kwa sababu omeprazoli inaweza kuponya michubuko na kuficha kile kinachotafutwa.